Je, nyama mbichi humtia kenge ukali?

Swali: Daktari, shikamoo. Ninaishi Moshi, upande wa Mabogini. Baba mkubwa ana leseni ya bustani ndogo ya wanyamapori, na mimi ndiye ninayewahudumia kenge wawili wa nchi kavu. Wa kwanza tumemlisha nyama ya ng'ombe, maini na dagaa wabichi kwa karibu miaka miwili, na sasa amekuwa mkali. Nikiingia bandani hupuliza kama nyoka na kuchapa mkia, nikija na ndoo ya bluu ya chakula hunirukia, na mwezi uliopita alimng'ata kijana anayefanya usafi. Wa pili tulimpokea kutoka kwa mfugaji mwingine aliyekuwa akimlisha nyama ya kusaga na mayai mabichi, na yeye ni mpole hata watoto wa wageni humbeba. Wazee wanasema damu ya nyama mbichi ndiyo inayomharibu yule wa kwanza. Je, nimpikie nyama yake, au nimhamishie kwenye mayai, ili awe kama mwenzake?

Jibu: Marahaba. Umefanya vizuri kutaja leseni kabla sijaiuliza, kwa kuwa kenge ni mnyamapori, na kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 mtu haruhusiwi kumkamata na kumfuga bila kibali, hata kama amemkuta akila mayai katika banda lake la kuku. Naliandika hili kwa ajili ya wasomaji wengine watakaovutiwa na habari yako, kisha nakuja kwenye swali lenyewe.

Usimpikie nyama, na usimhamishie kwenye mayai. Damu haina uwezo wa kumtia kenge ukali. Na katika hao wawili, anayenipa wasiwasi mkubwa ni yule mpole.

Imani ya wazee naifahamu, na inafanana na ile ya kumlisha mbwa wa ulinzi pilipili ili awe mkali. Tatizo lake ni kwamba kenge hajawahi kula kitu kilichopikwa tangu aumbwe. Kenge wa nchi kavu tulio nao katika mikoa hii, yule mwenye koo jeupe ambaye wataalamu humwita Varanus albigularis, hushinda akifukua na kupekua: konokono, mbawakawa, jongoo, panzi, nge, mayai ya ndege wanaotaga chini, vifaranga, panya akiwapata, na mzoga akiuona. Ndugu yake wa majini, Varanus niloticus, ambaye bila shaka mmezoea kumwona kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga huko kwenu, huongeza kaa, samaki, vyura na mayai ya mamba. Vyote hivyo huliwa vibichi, na kenge wa porini aliyeshiba haji kumshambulia mtu, hukimbia. Kwa hiyo ukipika nyama utakuwa umepunguza vitamini zilizomo na kuacha kasoro yake kubwa palepale, na kasoro hiyo nitaieleza hivi punde.

Hata hivyo wazee hawakukosea katika jambo zima. Waliona kwamba chakula na tabia vina uhusiano, nao upo kweli, ila haupiti kwenye damu ya nyama. Unapita kwenye mifupa, mishipa ya fahamu, figo, unene na joto la mwili, halafu unapita kwenye kumbukumbu ya mnyama, yaani mambo aliyojifunza kuyahusisha na mkono wako na ndoo yako. Nitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu maelezo yako yameniwekea wazi kitu ambacho wafugaji wengi hawakitofautishi.

Kenge ana ng'ato mbili. Ya kwanza ni ya woga. Hujaza pumzi mwilini hadi anaonekana mnene kuliko alivyo, huvimbisha koo, hugeuka ubavu, hukunja mkia kama fimbo iliyo tayari kuchapa, na hupuliza. Anakuambia uondoke, na ukiondoka anaridhika. Wengine wa aina hii wakikamatwa hulegea kabisa na kujifanya maiti, jambo ambalo limewahi kumfanya mtu mmoja niliyemfahamu amtupe kenge wake kwenye shimo la taka na kubaki kinywa wazi alipomwona akitoka mwenyewe. Ng'ato ya pili ni ya chakula, nayo haina kelele. Shingo hushuka, ulimi hutoka na kuingia kwa haraka, macho hukazia kitu kimoja, kisha mnyama hukujia moja kwa moja. Mwenye ng'ato ya woga anataka uende mbali, mwenye ng'ato ya chakula anataka kilicho mkononi mwako, au mkono wenyewe endapo hajaweza kuvitenganisha.

Sasa soma tena maneno yako. Ukiingia hupuliza na kuchapa mkia; huo ni woga. Ukija na ndoo hukurukia. Hicho ni chakula. Kenge wako ana matatizo mawili yaliyovikwa jina moja la ukali, na kila moja lina chanzo chake.

La ndoo ndilo rahisi. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja cha wanyama ambacho sitakitaja, nilisimama nje ya wavu nikimtazama mhudumu aliyetoka kukata vichwa vya kuku kwa ajili ya mamba. Alinawa kwa maji matupu, akafuta mikono kwenye ovaroli, akaingia kwa kenge ambaye alikuwa akimshika kila siku bila shida. Kenge alikuwa amelala juu ya gogo. Ulimi ukatoka mara moja, polepole, kama kawaida. Ukatoka mara ya pili, ukagusa kidole gumba. Kisha ukaanza kutoka mfululizo huku shingo ikinyooka. Mhudumu alidhani anasalimiwa. Meno yaliposhika, yalishika palepale ulimi ulipogusa, na mnyama hakuachia kwa dakika kadhaa, kwa sababu kwake kile kilikuwa kichwa cha kuku. Ulimi wa kenge una panda mbili na hupeleka harufu kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa. Mara nyingi harufu humwelekeza kuliko macho. Kijana wenu anayefanya usafi, kabla ya kung'atwa, alikuwa ameshika nini? Nina hakika mkichunguza mtapata jibu.

Kenge pia hujifunza haraka kuliko tunavyomdhania. Watafiti wa San Diego, Marekani, waliwazoesha kenge wa aina hiihii kupata idadi fulani ya konokono, wakaona kwamba mnyama akipunguziwa mmoja huendelea kumtafuta, na kwamba waliweza kutofautisha idadi hadi sita. Mnyama anayejua konokono wake wangapi hawezi kushindwa kujua kwamba ndoo ya bluu maana yake ni maini. Tena kama mnamlisha mara moja kwa wiki, kwa wingi, na kwa mkono, mnamfundisha kwamba binadamu akitokea ni lazima awahi. Waswahili tunasema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni; mimi kwa kazi yangu naona tumemsingizia. Tundu za masikio yake zipo wazi pembeni mwa kichwa, anasikia vizuri, na tatizo huwa ni somo baya tulilompa.

Hili la woga linahitaji maelezo marefu zaidi, na hapa ndipo nyama ya buchani inapoingia.

Chukua gramu 100 za nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta. Ndani yake kuna takribani miligramu 200 za fosforasi na miligramu 10 tu za kalsiamu, yaani fosforasi ni kama mara 20 ya kalsiamu. Mjusi anayekula wanyama anahitaji hali iliyo kinyume, kalsiamu iwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya fosforasi. Maini ni mabaya zaidi kwa uwiano huo, na juu yake yana vitamini A nyingi mno kuwa chakula cha kila wiki. Porini kenge hakumbwi na shida hii kwa sababu hali mnofu mtupu, anakula mnyama mzima: panya na mifupa yake, konokono na gamba lake. Mnofu mtupu ni chakula ambacho hajawahi kukutana nacho.

Kalsiamu ikikosekana kwenye chakula, mwili huichota kwenye mifupa ili moyo na misuli viendelee kufanya kazi. Mifupa hulainika, huuma, na huvunjika kwa mshtuko mdogo. Kiwango cha kwenye damu nacho kikishuka, mishipa ya fahamu huwa myepesi kushtuka: vidole hutetemeka, misuli ya mguu hucheza yenyewe, na mnyama huruka akiguswa. Mnyama wa namna hiyo akipuliza mlango unapofunguliwa, anajua kwamba kila mlango ukifunguliwa huguswa, na kila akiguswa huumia. Mimi nisingemwita mkali. Ningemwita mgonjwa anayejilinda.

Dagaa wabichi nao wana la kujibu. Baadhi ya samaki, wakiwamo wengi wa jamii ya dagaa, wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na mnyama anayelishwa samaki hao wabichi kwa muda mrefu anaweza kuishiwa vitamini hiyo. Dalili zake ni za ubongo na mishipa: kutetemeka, kukosa mizani, kupinda shingo, kulenga chakula na kukikosa. Kenge anayelenga kipande cha nyama na kukamata kidole si lazima awe na nia mbaya. Na usikimbilie dagaa wakavu wa dukani kama mbadala, maana wengine wana chumvi nyingi, na wote hawana maji, jambo linalonileta kwenye figo.

Kenge hutoa uchafu wa protini kwa umbo la asidi ya yuriki, ule ungaunga mweupe unaouona pamoja na kinyesi. Akila protini nyingi na maji yakawa machache, asidi hiyo huganda kwenye viungo na kwenye figo, na hapo anapata jongo, ugonjwa uleule unaowapata wazee wetu waliozoea nyama choma kila siku. Viungo huvimba na mnyama hukataa kunyanyuliwa. Nimewahi kuletewa kenge aliyesifiwa kwa ukali, na nilipombonyeza kifundo cha mguu wa mbele alijikunja mwili mzima. Banda lake lilikuwa na bakuli la maji lenye upana wa sahani ya chai. Kenge anataka beseni analoweza kuingia mwili mzima, na maji yabadilishwe kila anapoyachafua, jambo analolifanya kwa bidii.

Sasa nije kwa mpole wenu.

Kenge mzima, hata aliyezoea watu, ana shughuli. Hutembea, hufukua, hunusa kila kona, hupanda gogo kuota jua, hushuka kivulini, hurudi tena. Ukimshika hujaribu kupita kwenye mkono wako aende anakotaka. Kenge anayebebwa na mtoto mmoja baada ya mwingine huku miguu ikining'inia hajatulia, hana nguvu. Nyama ya kusaga ina kasoro ileile ya kalsiamu niliyoieleza. Mayai mabichi, yakiwa ndiyo chakula kikuu, huongeza mawili: ute mweupe una protini inayoifunga biotini, vitamini mojawapo ya kundi B, isitumike mwilini, na kiini kina mafuta mengi. Yai moja moja kama kitoweo halina neno, na likiwa na ganda lake ni bora zaidi. Yai kama ugali wa kila siku humnenepesha, ini hujaa mafuta, na mnyama huwa mzito na mvivu. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walilijua hili kwa gharama kubwa: kenge wa savana wanaopelekwa huko kutoka nchi za Afrika Magharibi kama Ghana na Togo walisifiwa kwa upole kwa miaka mingi, na wengi wao walikuwa wamenenepeshwa kwa panya hadi hawawezi kutembea vizuri.

Mpime hivi. Mweke chini asubuhi akiwa amepata jua, umtazame akitembea bila kumgusa. Tumbo likiburuza ardhini huku miguu ikitanuka pembeni, au akitembea kwa kujikokota badala ya kujiinua, ana tatizo. Tazama shina la mkia: liwe na mviringo, lisiwe na mikunjo ya mafuta wala lisiwe bapa kama la mnyama aliyekonda. Kisha, mtu mmoja akimshika kichwa kwa nyuma, bonyeza taya la chini kwa upole kwa kidole gumba. Taya lenye afya ni gumu kama ubao. Taya la mgonjwa wa mifupa hubonyea kama ganda la chungwa, na ukishalihisi mara moja hutalisahau. Kabla hujamaliza uchunguzi huo, wasimamishe watoto wasimbebe, kwa ajili yake na kwa ajili yao, kwani mifupa hiyo huvunjika kwa kuangushwa kidogo tu, na reptilia wengi hubeba bakteria wa salmonela matumboni bila kuugua. Mtoto wa chini ya miaka mitano hana sababu ya kumshika kenge, na mkubwa akimshika anawe kwa sabuni.

Jambo jingine linaloweza kumfanya kenge aonekane mpole ni baridi, na bila kulisema hili mengine yote niliyoandika hayatakusaidia. Mwili wa kenge wa nchi kavu hufanya kazi vizuri ukiwa kwenye nyuzi 35 hadi 38 hivi za Selsiasi. Chini ya hapo chakula hakisagiki inavyopasa. Kikikaa muda mrefu huozea tumboni, na mnyama hukitapika au huugua. Ninyi wa Moshi mna nafuu, mji wenu uko kwenye mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Sisi huku Arusha tuko kwenye mita 1,400, na usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo, ukungu wa Meru ukakaa hadi saa nne asubuhi. Wafugaji huku huniambia kila Juni kwamba kenge wao ametulia, amekuwa na adabu. Ifikapo Oktoba hunipigia tena wakisema adabu imekwisha.

Kwa hiyo mpe jua la moja kwa moja, si la kupitia kioo, kwa kuwa kioo huzuia miale ya urujuanimno ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu utakayompa itapita na kutoka. Weka jiwe bapa mahali panapopata jua kuanzia asubuhi. Uso wa jiwe ukifika nyuzi 50 usiogope, ndivyo anavyopenda, mradi kuwe na kivuli na shimo la kujificha hatua mbili kutoka hapo. Siku za ukungu tumia balbu ya joto, na siku ambazo umeme umekatika usimlishe kabisa. Kenge aliyekosa chakula siku tatu hana tatizo. Aliyeshiba akalala kwenye baridi analo. Huko Etosha, Namibia, kenge wa aina hii hula kwa pupa wakati wa mvua na kukaa miezi ya kiangazi wakila kidogo sana, kwa hiyo nawe usitishike akipunguza kula katika miezi ya baridi ikiwa uzito wake haushuki ghafla.

Sasa nini cha kufanya. Nitaanza na chakula chenyewe, kisha namna ya kukitoa.

Maini yaache kabisa kwa miezi kadhaa, dagaa wabichi uwaache moja kwa moja. Msingi wa chakula uwe wadudu na konokono, na huko mliko havikosekani: panzi, nyenje na mbawakawa kipindi cha mvua, kumbikumbi wanaporuka, mende unaoweza kuwazalisha mwenyewe kwenye ndoo yenye trei za mayai, na konokono wakubwa wa migombani. Konokono ndiye ninayempenda kuliko wote, kwa kuwa anakuja na kalsiamu yake mgongoni. Lakini usiokote kwenye bustani za nyanya au mashamba yanayopuliziwa dawa. Okota kwa mtu unayemjua, wafungie siku nne au tano kwenye ndoo yenye majani safi ya mchicha, watakaokufa uwatupe, waliobaki uwalishe. Mara moja kwa wiki mpe mnyama mzima: panya wa kufugwa, kifaranga wa siku moja kutoka kwa watotoleshaji ambao huwatoa madume, au kware. Panya wa mitaani asiingie bandani kwako, hujui amekula sumu ya nani.

Wiki ambazo hakuna kitu ila nyama ya buchani, mpe, lakini uirekebishe. Kausha maganda ya mayai juani au kwenye oveni, yatwange kwenye kinu hadi yawe unga laini, kisha changanya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila nusu kilo ya nyama. Hesabu yake ni hii: nusu kilo ya nyama ina karibu miligramu 1,000 za fosforasi, na kijiko hicho cha unga wa maganda kina kalsiamu inayokaribia miligramu 2,000, kwa hiyo uwiano unakaa pale tunapoutaka. Kwenye maduka ya dawa za mifugo watakupa DCP, yaani unga wa kalsiamu na fosforasi, au unga wa mifupa, wakikuambia kwamba ni kalsiamu ya kuku. Hawakudanganyi, ila vyote viwili vina fosforasi ndani yake, kwa hiyo havitakurekebishia uwiano kama unavyohitaji. Omba chokaa ya kawaida ya kulishia mifugo, au baki na maganda yako.

Kenge mkubwa alishwe mara mbili au tatu kwa wiki, kidogo kidogo, badala ya mara moja kwa kufuru. Aliyezoea maini hatakubali konokono siku ya kwanza. Mpakie konokono aliyevunjwa gamba maji ya nyama, kenge apotoshwe na harufu, na kila wiki upunguze maji hayo.

Namna ya kumlisha ina uzito sawa na chakula chenyewe. Ndoo ya bluu istaafu leo. Chagua ishara moja ya chakula ambayo haitumiki kwa kazi nyingine yoyote, kwa mfano kugonga kifuniko cha sufuria mara tatu ukiwa nje ya wavu, kisha toa chakula kwa koleo refu juu ya jiwe moja lilelile. Siku nyingine kifiche: chini ya majani makavu, ndani ya gogo lenye tundu, kwenye udongo uliotifuliwa. Kenge anayetumia saa mbili kutafuta mlo wake hana muda wa kukaa mlangoni akingoja mguu wa mtu. Siku za usafi zisiwe siku za kulisha, na anayeingia kusafisha awe amenawa kwa sabuni na hajashika kuku wala samaki asubuhi hiyo. Akiingia bila chakula na kutoka bila kumgusa, mara nyingi, kwa wiki nyingi, kenge atajifunza kwamba mlango unaweza kufunguka bila kutokea jambo lolote. Akishakula mwache siku moja na nusu au mbili bila kumshika, kwa kuwa mwili wote uko kwenye kazi ya kusaga, na akibughudhiwa hutapika.

Usitarajie miujiza ya wiki moja. Hamu ya kurukia hubadilika mapema ukishikilia utaratibu, pengine mwezi mmoja au miwili. Woga unaotokana na maumivu hupungua taratibu kadiri mifupa inavyopona, na mifupa haina haraka. Tena kuna ukali ambao hauhusiani na chakula hata kidogo: jike mwenye mayai tumboni hukataa kula, hufukua kila mahali na hamtaki mtu. Kama hujui jinsia ya huyo wa kwanza, liweke hilo akilini kabla hujalaumu konokono.

Akimng'ata mtu tena, msivute mkono, maana meno yake yamepinda kwa nyuma na mtajichana wenyewe. Mtumbukizeni kichwa kwenye maji au mwekeni chini mumwache aachie, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni, na mtu aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya pepopunda.

Huyo mpole ndiye ningependa aonwe na daktari kabla ya mwisho wa mwezi huu, na apigwe picha ya eksirei ya miguu na uti wa mgongo. Asafirishwe asubuhi, baada ya siku mbili bila kula, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu na gunia kavu chini, na asifungwe kamba miguuni kama mbuzi wa mnadani, kwa kuwa kama mifupa yake iko ninavyohofia, kamba hiyo itavunja kilichobaki. Nakala ya leseni iwe mkononi mwa anayemsindikiza, na kinyesi chake kipya, pamoja na ule ungaunga mweupe, kiwe kwenye kopo lenye mfuniko.